Maisha ya Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Anashukuriwa Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota akazifanya pambo la mbingu na uongozi wa wasafiri katika giza la bara na bahari. Na rehema na amani zimfikilie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baadu: hizi ni khabari za maisha ya mtu ambaye jina lake limetajwa sana na mabaharia na watu wa tarekhe. Lakini wengi waliomtaja walimtaja kwa jambo moja ambalo halikuthibiti, wakayaacha mengi yaliyothibiti. Mabarazani husemwa kuwa yeye ndiye aliyewaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi, na kwa hiyo dhiki yote iliyoipata pwani hii baadaye huandikwa katika daftari yake. Inafaa kwa kila Mwislamu wa pwani kuijua hakika ya mtu huyu kabla ya kumhukumu, kwani yeye mwenyewe umri wake wote alifundisha watu kupima kabla ya kusema.

NASABA YAKE NA MALEZI YAKE

Jina lake ni Shihabu-ddini Ahmad bin Majid, na nisba yake ni an-Najdi. Alizaliwa Julfar, bandari ya Ghuba iliyokuwa karibu na mahali ulipo leo mji wa Ras al-Khaima. Kuzaliwa kwake kulikuwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 9 ya Hijra, nayo yaangukia karne ya 15 ya Miladi.

Babake na babu yake wote wawili walikuwa waalimu wa vyombo. Na mwalimu wa chombo si yule akaaye chuoni na watoto. Ni yule ajuaye nyota, na pepo, na alama za pwani, ambaye nahodha humtegemea kama vile mgonjwa amtegemeavyo tabibu. Walakini tofauti baina ya waalimu hawa wawili si kubwa, kwani kila mmoja ameaminiwa roho za watu, na kosa la kila mmoja huwaangukia wengine kabla ya kumwangukia mwenyewe.

Babake alikuwa bingwa wa Bahari ya Sham. Aliitungia utenzi wa Kiarabu wenye beti zaidi ya 1,000, akaeleza miamba yake na njia zake. Ahmad alikua akisikia ilimu hiyo nyumbani, akaiona kwa macho chomboni. Alipokuwa mtu mzima aliyapitia maneno ya babu yake na ya babake, akayalinganisha na aliyoyaona mwenyewe safari baada ya safari. Palipokuwa sawa alithibitisha, na palipokuwa na kosa alisahihisha. Wala hakuona kuwa kusahihisha ni kuwavunjia wazee wake heshima. Aliona kuwa kuliacha kosa libaki katika kitabu chao, kisha watu wazame kwalo, ndiko kuwavunjia heshima.

Hivyo ndivyo alivyowafanyia na waalimu watatu wa zamani waliokuwa mashuhuri kwa jina la simba wa bahari, nao ni Muhammad bin Shadhan, na Sahl bin Aban, na Layth bin Kahlan. Aliwasifu kwa haki yao, akajihesabu kuwa wa nne baada yao. Lakini alisema wazi kuwa wao walikusanya khabari za wengine kuliko walivyojaribu wenyewe.

BAHARI YA PWANI HII

Ibn Majid hakuwa mtu wa bahari moja. Aliijua Bahari ya Sham, na Ghuba, na pwani za Uarabuni na Bara Hindi, na pwani hii ya Waswahili hatta Sofala. Miongoni mwa tungo zake mna moja iitwayo as-Sufaliya, inayoeleza njia za kwendea Sofala na pwani zake.

Katika zama zake Kilwa ndiyo iliyokuwa mlango wa dhahabu ya Sofala, na kisiwa cha Mafia kilikuwa chini ya Kilwa. Mji wake wa Kisimani, ambao leo umebaki magofu na bahari inaendelea kuyala, ulikuwa katika ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa, ukitazama njia ya vyombo. Kila chombo kitokacho kaskazini kwenda Kilwa lazima kipite Mafia: ama nje, katika kina kirefu, ama ndani, katika mlango ulio baina ya kisiwa na midomo ya mto Rufiji, wenye miamba na mafungu mengi. Manahodha wa Chole na Jibondo hawahitaji kuelezwa khatari ya mlango ule kwa chombo kigeni kinachoingia usiku.

Basi mwalimu atokaye bahari kuu, hajaona nchi siku nyingi, atajuaje kuwa amefika mkabala wa Mafia, wala hajaipita? Dira humwambia anaelekea wapi, lakini haimwambii yuko wapi. Hilo huambiwa na nyota, na nyota haimwambii ila aliyejua kuiuliza.

KUKIWEKA SAWA CHOMBO CHA KUPIMIA

Waalimu wa zamani hawakuwa na darubini. Kipimo chao kilikuwa ni vibao vya mti vya ukubwa mbalimbali. Mpimaji hukishika kibao mbele yake, mkono umenyooka, akaufanya ukingo wa chini uguse mstari wa bahari na mbingu, na ukingo wa juu uguse nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa vidole. Duara ya mbingu nzima ni vidole 224, hivyo kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Na kidole kimoja, kwa mwenye kusafiri sawasawa kuelekea kaskazini au kusini, ni mwendo wa zamu 8, na kila zamu ni saa 3. Yaani ni usiku na mchana mzima.

Izingatie hesabu hiyo, ewe msomaji. Mwenye kukosa robo ya kidole, kwa sababu mkono ulilegea au jicho lilikuwa na usingizi, amekosa mwendo wa saa 6. Na katika bahari ya Mafia, saa 6 ndizo zilizo baina ya maji makuu na mwamba.

Kwa sababu hiyo waalimu hawakukiamini kibao kabla ya kukijaribu. Mikono ya watu haina urefu mmoja, na kibao kilicho sawa kwa mtu mrefu hakiwi sawa kwa mtu mfupi. Mizani yao ilikuwa mbinguni. Karibu na nyota kubwa iitwayo Ayyuk ipo nyota ya pili iitwayo dhubbani yake, na baina ya mbili hizo pana vidole 4. Masafa hayo hayabadiliki kwa safari wala kwa mji. Basi mpimaji hukielekeza kibao cha vidole 4 kwenye nyota hizo mbili; kikijaa sawasawa, kibao na mkono vimekubaliana; kikipungua au kikizidi, kosa liko kwa mpimaji wala haliko kwa nyota.

Kisha yapasa kuijua tabia ya nyota yenyewe. Jaa, ambayo mabaharia wote waliitegemea upande wa kaskazini, haikuwa juu ya ncha ya mbingu hasa. Katika zama za Ibn Majid ilikuwa mbali nayo kiasi cha digrii tatu na nusu, ikiizunguka usiku kucha, hivyo baina ya kuwa juu kabisa na kuwa chini kabisa palikuwa na tofauti ya kiasi cha vidole 4. Asiyejua hilo angeweza kupima mara mbili katika usiku mmoja, chombo kimetia nanga, akadhani kimesafiri siku nne. Waalimu waliijua dawa yake: walitazama ni manzili ipi kati ya manzili 28 za mwezi iliyofika katikati ya mbingu, na kwa hiyo wakajua Jaa iko upande gani wa mzunguko wake, wakaongeza au wakapunguza. Leo Jaa imesogea, na umbali wake na ncha haufiki digrii moja.

Kisha pana jambo la pwani hii mahsusi. Mafia iko karibu ya digrii 8 kusini ya Istiwai, yaani ule mstari uigawao dunia nusu kwa nusu, na mtu aliye kusini ya mstari huo haioni Jaa kabisa. Iko chini ya bahari. Mwalimu ashukaye kutoka Uarabuni huiona inazama usiku hatta usiku, mpaka inapotea, naye bado hajafika Kilwa. Ndipo alipolazimika kuziendea nyota nyingine: Farkadani mbili, na nyota za Banati Naashi, zinapopanda katikati ya mbingu ya kaskazini, na upande wa kusini Suheli na nyinginezo. Kila nyota ina wakati wake wa kupimwa, na kila bandari ina hesabu yake kwa kila nyota. Ilimu hii ndiyo aliyoikusanya Ibn Majid, akaichuja, akaiandika.

Na athari yake imo katika lugha ya pwani hatta leo, ijapokuwa wasemaji wamesahau. Wazee wanapoita kaskazini jaa, na kusini suheli, hutaja nyota mbili ambazo waalimu walizitumia kuongoza vyombo.

VITABU VYAKE

Inasemekana tungo zake zajulikana kiasi cha 40, nyingi katika hizo ni mashairi, kwa kuwa baharia hukumbuka shairi pale ambapo kitabu kimelowa maji. Mwaka 866 wa Hijra, yaani 1462, alimaliza al-Hawiya, yenye beti zaidi ya 1,000, iliyokusanya misingi ya ilimu ya bahari. Aliandika pia utenzi wa kujulisha kibla katika nchi za dunia, akaufanya zawadi kwa makadhi.

Kitabu chake kikubwa ni al-Fawaid, alichokiandika mwaka 895 wa Hijra, yaani baina ya 1489 na 1490, baada ya kusafiri zaidi ya miaka 40. Kina milango 12. Ndani yake mna khabari za asili ya ubaharia, na manzili za mwezi, na pande 32 za dira zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua, na njia, na vipimo, na alama za nchi, na majira ya pepo yaliyohesabiwa kwa siku za Nairuzi, kama pwani hii ilivyohesabu. Ametaja humo visiwa vikubwa 10 mashuhuri, na Unguja ni kimoja katika hivyo.

Hakuandika hesabu tupu. Alimtaka mwalimu awe na subira, mwadilifu kwa watu wa chombo, asiyemdhulumu mfanyi biashara, mwenye kumkumbuka Mola wake na kuhifadhi tahara, kwa sababu aliye juu ya bahari hana mlinzi mwingine ila Yeye.

Vitabu vyake vilimfaa kila aliyekuja nyuma yake. Sulaiman al-Mahri, mwalimu mkubwa wa mwanzo wa karne ya 16, alijenga juu ya msingi wake. Na Sidi Ali, jemadari wa merikebu za Dola ya Uthmania, alipoandika kitabu chake cha bahari mwaka 1554 alichukua mengi kwake.

Tungo zake za mwisho zenye tarekhe zinafika mwaka 906 wa Hijra, yaani 1500 au 1501. Baada ya hapo khabari zake zinakatika. Mungu amrehemu, na amlipe kwa kila chombo kilichofika salama kwa ilimu yake.

TUHUMA ALIYOTUHUMIWA

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akitokea Msumbiji na Mombasa. Sultani wa Malindi akampa rubani, na tarehe 24 ya mwezi huo wakang'oa nanga. Tarehe 20 Mei wakafika Kalikuti. Kisha yakafuata yaliyofuata. Mwaka 1502 Kilwa ilitozwa kodi kwa nguvu, na mwaka 1505 ikatekwa na kuporwa, na Mombasa ikachomwa moto mwaka huohuo.

Ni nani yule rubani? Mwanachuoni wa Makka, Kutbu-ddini an-Nahrawali, katika kitabu chake cha khabari za Yaman, aliandika kuwa ni Ahmad bin Majid, na kuwa alileweshwa kwanza, ndipo akaonyesha njia. Katika karne ya 20 Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyevitoa vitabu vya Ibn Majid chapani, akaikubali khabari hiyo, na kwa kalamu yake ikaenea duniani, hatta ikawa inasomeshwa maskulini kama jambo la yakini.

Sasa na ipimwe khabari hii kama ipimwavyo nyota.

Kwanza, Kutbu-ddini alizaliwa mwaka 1511, yaani miaka 13 baada ya safari ile, na aliandika zaidi ya miaka 70 baada yake. Hakuwapo, wala hakumwona mhusika. Yeye ni mwanachuoni mwenye heshima yake, na dhana njema ni kuwa alipokea alilolisikia. Lakini alilolisikia halina sanadi inayofika Malindi.

Pili, Wareno wenyewe, walio watu wa jambo lile, hawakumtaja Ibn Majid. Aliyeandika safari ile akiwa merikebuni alimdhania rubani kuwa ni Mkristo. Waandishi wao waliokuja baadaye walisema ni mtu wa Gujarati, wakamwita Malemo Kana au Kanaka. Na hilo si jina la mtu: malemo ni mwalimu, na kanaka ni neno la Kihindi la mjuzi wa hesabu za nyota. Julfar si Gujarati.

Tatu, ulevi katika madhehebu ya Imamu Shafi hauthibiti ila kwa mashahidi wawili waadilifu au kwa mtu kukiri mwenyewe. Katika khabari hii hapana shahidi hatta mmoja, wala hapana kukiri.

Nne, umri wake wakati huo ulikuwa mkubwa, na katika vitabu vyake hakujitaja kuwa rubani wa Mfaranji yeyote. Zipo beti katika as-Sufaliya zitajazo kuja kwa Wafaranji Bara Hindi, na baadhi ya wahakiki wameona kuwa zimeongezwa na mkono mwingine. Lakini hatta zikiwa zake, kutaja kuja kwa adui si kumwongoza. Wahakiki wa siku za karibu, Waarabu kwa Wazungu, wengi wao wameikataa khabari hiyo. Miongoni mwao ni mtawala wa Sharja, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, aliyeandika kitabu mahsusi cha kumtoa Ibn Majid katika tuhuma.

Shahidi wa mwezi anapofika kwa kadhi huulizwa: aliuona wapi, wakati gani, upande upi, na pembe zake zilielekea wapi? Akishindwa kujibu, hurudishwa kwa adabu, na watu hawafungi kwa neno lake. Basi vipi heshima ya Mwislamu, tena mwanachuoni wa fani yake, iondolewe kwa ushahidi usiotosha kuandamisha mwezi?

FUNZO LA MAISHA YAKE

Darubini ilizuliwa Uholanzi mwaka 1608, zaidi ya miaka 100 baada ya zama za Ibn Majid. Leo wapo wenye kumiliki darubini majumbani, nao hutamani kuitoa ua wakatazama mwezi na sayari mara moja. Adabu za waalimu wa bahari zingali zinawahusu wao.

Miguu yake mitatu isimame imara. Na kwa mchanga wa Mafia, ambao huzama kidogo kidogo, iwekewe vipande vya ubao chini. Kidarubini kidogo cha kulengea kipatanishwe na bomba kubwa wakati wa mchana, kwa kuelekezwa kwenye kitu cha mbali kisichotikisika, kama vile mnara wa msikiti. Wala lisielekezwe kwenye jua kabisa, kwani jua hupofusha jicho mara moja. Chombo kiachwe nje kwanza, kipoe sawa na hewa ya usiku. Taa zizimwe, na jicho lipewe nusu saa kulizoea giza. Kisha aanze kwa kioo cha nguvu ndogo, kwa kuwa kioo cha nguvu kubwa hukuza na makosa ya aliyekiweka.

Na darubini yenye mhimili wa kuzifuata nyota hutaka mhimili huo ulale juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Hapo mtu wa Mafia hukutana na shida ileile ya waalimu, kwa kuwa Jaa haionekani kwake. Lakini Mwenyezi Mungu amekiweka kisiwa hiki karibu sawasawa kusini ya Makka, hivyo anayeelekea kibla Mafia ameelekea jaa ileile iliyofichika chini ya bahari. Basi mstari wa kibla kilichohakikishwa ndio mstari wa mhimili; na ncha yake huinuliwa kwa upande wa pili, upande wa suheli, kiasi cha digrii 8 tu juu ya ardhi. Aliyefanya hivyo ataiona nyota imetulia katika kioo chake. Asiyefanya ataiona inamkimbia, kisha atailaumu darubini.

Hivyo ndivyo ilivyo na khabari za watu. Ulimi ni chombo cha kupimia, na una haki ya kujaribiwa kabla ya kuelekezwa kwa mtu. Ahmad bin Majid aliwasahihisha hatta wazee wake kwa kipimo cha macho yake, wala hakumzulia mtu. Walio nyuma yake wana deni la kumpima kwa kibao kilicho sawa. Asiyekuwa na kibao hicho, basi anyamaze, na kunyamaza kwake ni salama kwake duniani na akhera.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ewe Mola, msamehe mja wako Ahmad bin Majid, na uwasamehe mabaharia wa Kiislamu waliozama na waliofika, na utujaalie kuwa katika wenye kuhakikisha kabla ya kunena. Amin.